Waya wa Spika Sebuleni: Mwongozo Kamili wa Kuchagua, Kufunga na Kupima

Anayenunua amplifaya na spika mbili mjini Kisumu au Nakuru hufika kaunta akaulizwa swali la mwisho: utachukua waya wa kawaida ama ule mzuri? Ule mzuri umevikwa ganda la kitambaa kilichosukwa, ncha zake zina rangi ya dhahabu, na bei ya mita chache inaweza kununua roli nzima ya ule mwingine. Muuzaji hasemi uongo akikuambia kuna watu wanaousifu. Linalobaki ni kujua kama masikio yako yatapata chochote kwa pesa hizo.

Jibu langu nalitoa mapema. Kama waya wa kawaida ni wa shaba halisi, una unene unaotosha urefu wake, na umefungwa sawasawa, waya wa bei ghali hautaongeza kitu unachoweza kukisikia sebuleni. Waya mwembamba mno, wa alumini iliyopakwa shaba, au uliofungwa ovyo, huo huharibu sauti na unaweza kuusikia. Kwa hiyo kazi ni kujua mpaka uko wapi, kisha kuuvuka kwa gharama ndogo iwezekanavyo. Mtu aliyedunduliza kwa miezi apate spika anastahili kila shilingi yake imfikie kama muziki.

Kinachotokea ndani ya waya

Waya una sifa tatu za umeme zinazogusa sauti: ukinzani, indaktansi na kapasitansi. Ukinzani, yaani jinsi waya unavyouzuia mkondo, hupimwa kwa omu, nao ndio wenye uzito, tena kwa mbali sana.

Waya na spika vimefuatana kwenye njia moja ya mkondo, kwa hiyo vinagawana volti zinazotoka kwenye amplifaya. Spika ikiwa ya omu 8 na waya ukiwa na omu 0.1, karibu kila kitu kinafika kwenye spika. Waya ukiwa na omu 1, sehemu inayoonekana ya volti inaishia njiani kama joto. Hilo hupunguza ukubwa wa sauti, nawe unaweza kulirekebisha kwa kuongeza volyumu kidogo.

Dhara la pili ndilo linalonifanya nisimdharau mtu anayesema amesikia tofauti kati ya nyaya mbili. Namba 8 iliyoandikwa nyuma ya spika ni makadirio tu. Impedansi ya spika, yaani ukinzani wake kwa mkondo wa muziki, hupanda na kushuka kulingana na noti inayopigwa: spika ya omu 8 inaweza kushuka hadi 5 mahali fulani na kupanda hadi 30 mahali pengine. Sasa weka waya wenye omu 0.7. Pale penye omu 5 unapoteza desibeli 1.1 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Pale penye omu 30 unapoteza desibeli 0.2. Waya umebadilisha uwiano wa sauti kwa karibu desibeli 1: sehemu fulani ya besi imevimba, sehemu ya katikati imefifia. Sikio linaweza kulinasa hilo. Aliyebadilisha waya wa aina hiyo akaweka wa bei ghali amesikia mabadiliko ya kweli, lakini yameletwa na unene, na unene huo unapatikana hadwea.

Zile sifa mbili nyingine hazinichukulii muda. Mita 5 za waya wa kawaida wa nyuzi pacha zina indaktansi ya takriban mikrohenri 3. Hata kwenye hezi 20,000 (mitetemo kwa sekunde), ambapo watu wazima wengi hawasikii tena, hasara yake kwenye mzigo wa omu 8 haifiki sehemu 2 za mia za desibeli. Kapasitansi ya waya kama huo ni ndogo kiasi cha kutojali. Ajabu ni kwamba baadhi ya nyaya za kifahari, zile zilizosukwa kwa nyuzi nyingi zilizobanana, huwa na kapasitansi kubwa hadi amplifaya nyingine zinayumba na kupata moto. Hapo umelipa zaidi ukapata matatizo.

Roger Russell, aliyeongoza utengenezaji wa spika katika kampuni ya McIntosh huko Marekani, aliueleza mpaka kwa kanuni rahisi: ukinzani wote wa waya, kwenda na kurudi, usizidi asilimia 5 ya impedansi ya spika. Kwa spika ya omu 8 hiyo ni omu 0.4, na kwa spika ya omu 4 ni omu 0.2. Ukikaa ndani ya mpaka huo, hasara haizidi takriban desibeli 0.4. Mimi hupenda kushuka hadi nusu yake, kwa sababu shaba ya ziada kidogo si gharama kubwa na huondoa wasiwasi.

Biashara ya waya maalumu wenyewe haina umri mrefu. Kwa miaka mingi watu walifunga spika kwa waya uleule wa taa ya mezani, na wapenzi wa muziki hawakulalamika. Noel Lee alianzisha Monster Cable mwaka 1979 huko California, na waya ukageuka bidhaa yenye jina, sanduku na sifa. Mwaka 2007 James Randi, aliyejulikana kwa kuwaumbua wadanganyifu, aliweka dola milioni 1 mezani kwa yeyote atakayetofautisha kwa masikio peke yake waya wa kampuni ya Pear uliouzwa dola 7,250 kwa jozi na waya mwingine mzuri wa kawaida. Palikuwa na mabishano marefu, lakini jaribio lenyewe halikufanyika.

Hatua ya 1: pata namba mbili

Geuza spika uangalie nyuma. Tafuta alama ya omu. Ikiandikwa 4–8, chukua 4. Spika ndogo za hom thieta mara nyingi ni omu 3 au 4, na hizo ndizo zinazoonewa zaidi na waya mwembamba.

Namba ya pili ni urefu. Usikadirie kwa macho kutoka kabati la TV hadi kona. Chukua kamba uipitishe pale waya utakapopita kweli: chini ya ukuta, juu ya fremu ya mlango, nyuma ya kochi. Ongeza nusu mita kila upande ili spika iweze kusogezwa. Watu hushangaa kugundua kuwa spika iliyo mita 4 mbele ya macho inahitaji mita 7 za waya.

Waya wa kushoto na wa kulia si lazima ulingane kwa urefu. Tofauti ya mita 3 kwenye waya wa milimita za mraba 2.5 ni omu 0.04, yaani takriban desibeli 0.04 kwa spika ya omu 8. Usinunue mita za ziada ili tu pande mbili zifanane.

Hatua ya 2: chagua unene

Unene wa waya hupimwa kwa eneo la shaba, milimita za mraba, si kwa ganda la plastiki. Urefu ulio hapa ni wa njia moja, kutoka amplifaya hadi spika, kurudi nimeshakuhesabu. Ndio mwisho unaoruhusiwa na kanuni ya asilimia 5 kwa waya wa shaba:

- 0.5: mita 5.8 kwa spika ya omu 8; mita 2.9 kwa spika ya omu 4
- 0.75: mita 8.7, mita 4.3
- 1.5: mita 17, mita 8.7
- 2.5: mita 29, mita 14.5

Ukitaka kujihesabia mwenyewe, mita moja ya shaba yenye milimita ya mraba 1 ina omu 0.0172. Zidisha kwa 2 kwa sababu ya kwenda na kurudi, zidisha kwa urefu, kisha gawanya kwa unene.

Nyaya nyingi za spika kutoka nje huandikwa kwa vipimo vya Marekani, AWG, ambapo namba ikiwa kubwa waya ni mwembamba. AWG 12 ni milimita za mraba 3.3, AWG 14 ni 2.1, AWG 16 ni 1.3, AWG 18 ni 0.82, na AWG 24 ni 0.2 tu.

Kwa sebule ya kawaida, ya nyumba ya kupanga Migosi, Kisumu, au ya kwako mwenyewe Lanet, Nakuru, 1.5 inatosha spika za omu 8 na nyingi za omu 4. Kama waya utazunguka chumba kizima kufikia spika za nyuma, au spika ni za omu 4 na unapenda kufungulia, chukua 2.5. Zaidi ya hapo sioni sababu ndani ya nyumba.

Neno kuhusu zile wufa, seti za sanduku la besi na spika ndogo, zinazokuja na nyaya zao nyembamba kama uzi wa kengele. Mita 2 za waya wa 0.2 zina omu 0.34, kwa spika ya omu 4 hiyo ni asilimia 8.6, tayari imevuka mpaka. Mtu akiurefusha hadi mita 6 kwa waya uleule ili spika zifike ukuta wa nyuma, anapoteza desibeli 2. Huyu ndiye mtu ambaye waya mpya utamsaidia kwelikweli, na anachohitaji ni mita chache za 0.75 au 1.5 kutoka hadwea.

Hatua ya 3: dukani, hakikisha ni shaba

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, tena upande wa bei ya chini. Waya mwingi unaouzwa kama wa spika ni alumini iliyopakwa shaba. Kwa macho ni mwekundu vizuri, ganda lake linang'aa, na unaonekana mnene kuliko wenzake. Lakini ukinzani wake unazidi wa shaba kwa zaidi ya nusu. Ukiununua bila kujua, punguza ule urefu niliotaja juu kwa zaidi ya theluthi moja. Si sumu, ukiuzwa kwa jina lake na bei yake unaweza kutumika ukiongeza unene. Kasoro yake nyingine ni kwamba nyuzi zake hukatika upesi zikipindwa mara kwa mara, na alumini ikikaa wazi hupata utando usiopitisha umeme.

Omba kwa adabu, na muuzaji wa haki hatakataa: "Boss, naomba nikate ncha kidogo nione ndani. Hii ni shaba tupu ama ni alumini imepakwa?" Kisha fanya haya.

Kwangua uzi mmoja kwa kisu. Shaba ni nyekundu hadi ndani. Iliyopakwa huonyesha weupe wa fedha chini ya ngozi nyekundu. Usichanganye na waya uliopakwa bati, ambao ni kinyume chake: mweupe nje, mwekundu ndani, na huo ni mzuri.

Nyumbani unaweza kuushika uzi mmoja kwa koleo kwenye moto wa kiberiti cha gesi. Alumini huyeyuka kwenye nyuzijoto 660, kwa hiyo uzi mwembamba hulegea na kuvunjika. Shaba huyeyuka kwenye 1,085 na itawaka nyekundu tu. Ondoa plastiki kwanza, moshi wake si wa kuvuta.

Uzito nao hausemi uongo. Mita 10 za waya pacha wa 2.5 zina takriban gramu 450 za shaba, kabla ya kuhesabu plastiki. Roli ya mita 10 inayodai 2.5 ikiwa na gramu 250 pamoja na ganda lake, hiyo si shaba.

Baada ya hapo hesabu nyuzi. Waya wa kawaida wa 0.75 una nyuzi 24 za kipenyo cha milimita 0.2. Wa 1.5 una nyuzi 30 za milimita 0.25, na wa 2.5 una nyuzi 50 za milimita 0.25. Ukikuta waya mnene nje lakini ndani kuna nyuzi 15, umenunua plastiki.

Waya laini wa umeme wa nyumba, ule wenye nyuzi nyingi unaouzwa kwa mita hadwea, unafanya kazi ya spika sawasawa, na shaba yake mara nyingi ni ya uhakika kuliko ya waya wenye picha ya spika kwenye karatasi. Viwanda vya hapa nchini hutengeneza waya wa umeme wa shaba. Sharti moja: tia alama. Zungushia tepu ya rangi kila upande na uandike "spika", na usiuache hata siku moja karibu na plagi ya ukutani. Mtu asiyejua akiufunga plagi akaichomeka kwenye volti 240, amplifaya itaungua na mtu anaweza kufa.

Sifa nyingine zinazotajwa kaunta nazipitia haraka. "Shaba isiyo na oksijeni" ina usafi wa asilimia 99.95 au zaidi, ya umeme wa kawaida ina 99.9, na uwezo wao wa kupitisha umeme unakaribia kuwa sawa kabisa. Fedha hupita shaba kwa takriban asilimia 6, kiasi ambacho utakipata kwa kuongeza shaba kidogo. Mishale ya kuonyesha waya uelekee wapi haina kazi ya umeme, kwani mkondo wa muziki huenda na kurudi mara maelfu kwa sekunde. Waya hauhitaji kuchezwa kwa wiki kadhaa ili "ufunguke". Ncha za dhahabu zina faida moja ya kweli, nayo ni kutoshika kutu. Hiyo nitairudia nikifika kwenye hewa ya ziwa.

Hatua ya 4: funga sawasawa

Zima amplifaya na uichomoe ukutani. Wengi huipuuza hatua hii kwa kuwa volti za spika hazitishi, lakini nyuzi mbili zikigusana amplifaya ikiwa imewaka, transista za kutoa sauti zinaweza kuungua papo hapo.

Menya sentimita 1 hivi ya ganda bila kukata nyuzi. Zisokote ziwe kitu kimoja. Zipitishe kwenye tundu la terminali, yaani kishikio cha waya nyuma ya kifaa, kisha kaza nati kwa vidole hadi waya ukivutwa usisogee. Angalia kwa tochi ya simu kama kuna uzi uliochomoza kuelekea terminali ya jirani. Usipake risasi ya kuchomelea kwenye ncha itakayobanwa na nati: risasi ni laini, hubonyea polepole, na baada ya muda muunganisho unalegea wenyewe. Ukitaka urahisi wa kuchomoa, nunua plagi za banana zinazobana kwa skrubu.

Jambo linaloleta madhara makubwa kuliko tofauti yoyote ya nyaya ni kukosea rangi. Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, pande zote mbili. Spika moja ikigeuzwa, koni moja inasukuma hewa wakati nyingine inaivuta. Besi inapotea, na mwimbaji ambaye angesikika katikati anatawanyika usijue yuko wapi. Nimesikia watu wakilaumu waya, spika na hata rekodi yenyewe kwa tatizo hili, na dawa yake ni dakika moja. Waya pacha huwa na alama upande mmoja: mstari, maandishi, au mbavu unayoweza kuihisi kwa kidole. Amua kwamba upande huo ni wa nyekundu, usibadilike.

Kama waya umeshapita ndani ya ukuta na hujui upi ni upi, utoe kwenye amplifaya kabisa, kisha gusisha betri ndogo ya volti 1.5 kwenye ncha mbili kwa sekunde moja huku mwenzako akitazama koni kubwa ya spika. Koni ikiruka mbele, waya uliogusa chanya ndio wa terminali nyekundu.

Onyo moja la mwisho hapa. Kwenye amplifaya nyingi ndogo za kisasa terminali nyeusi haijaunganishwa na ardhi, ina mkondo wake. Usiunganishe nyeusi ya kushoto na nyeusi ya kulia ili kuokoa waya.

Hatua ya 5: pima hasara halisi

Maltimita, kifaa cha kupimia umeme, hata ya bei ya chini inatosha, lakini si kwa njia ambayo wengi hujaribu. Kipimo cha omu hakiaminiki kwa namba ndogo hivi, kwa kuwa nyaya za maltimita zenyewe huongeza sehemu za omu. Pima volti badala yake.

Tafuta sauti moja isiyobadilika ya hezi 100 kwenye simu, programu za kutoa sauti za majaribio ni nyingi. Icheze kupitia amplifaya kwa volyumu ya chini. Weka maltimita kwenye volti za mkondo geu, gusa terminali mbili za amplifaya, na upandishe volyumu taratibu hadi isome takriban 2. Shika ncha za kupimia kwa uangalifu zisiteleze zikagusana. Sasa bila kugusa volyumu, nenda upime kwenye terminali za spika. Amplifaya ikisoma 2.00 na spika ikisoma 1.97, umepoteza asilimia 1.5, yaani desibeli 0.13. Waya huo hauna la kujibu. Spika ikisoma chini ya 1.90, kuna kazi ya kufanya.

Kipimo hiki nakipenda kwa sababu kinaumbua pia viungo. Hesabu ya Hatua ya 2 ikikuambia waya upoteze asilimia 1 na maltimita inaonyesha 6, ama kosa liko kwenye viungo, ama waya wenyewe si shaba. Pima kutoka terminali ya amplifaya hadi uzi wenyewe unaoingia humo: panapaswa kuwa karibu sifuri. Fanya hivyo kila kiungo. Mara nyingi utaikuta nati iliyolegea, au mahali fundi aliporefusha waya kwa kusokota na kufunika tepu.

Hatua ya 6: jaribu kwa masikio, bila kujua

Kama una rafiki mwenye waya wa bei ghali, au duka limekubali kukuazima, fanya jaribio la haki. Ukijua ni waya upi unaocheza, ubongo utakuamulia kabla ya sikio, na hilo halitokani na ujinga. Linampata fundi mzoefu sawa na mwanafunzi. Ukisogeza kichwa sentimita chache sauti za juu hubadilika, na sauti iliyozidi kwa nusu desibeli husikika kama bora bila mtu kujua kwamba ni volyumu tu.

Anza kwa kulinganisha ukubwa wa sauti. Kwa kila waya pima volti kwenye spika kama ulivyofanya juu, na urekebishe hadi zikaribiane ndani ya asilimia 1, ambayo ni takriban desibeli 0.1. Andika alama ya volyumu kwa kila waya.

Tafuta msaidizi. Tundika shuka mbele ya amplifaya. Msaidizi arushe sarafu kabla ya kila raundi: upande mmoja waya A, mwingine waya B. Aandike matokeo bila kuyasema. Azime amplifaya, afungue na kufunga nyaya kila mara, hata pale sarafu inapotaka waya uleule ubaki, ili kelele za kufunga zisikupe jibu. Wewe kaa mahali pamoja, usiongee naye, usimtazame uso.

Tumia kipande kifupi unachokijua kwa moyo, nusu dakika inatosha, kwa kuwa kumbukumbu ya sauti hufifia haraka. Benga ni nzuri sana kwa kazi hii: gitaa la kwanza liko juu na lina ncha kali, na gitaa la besi linatembea peke yake chini yake, kwa hiyo uwiano ukiharibika unajulikana. Nyatiti pia, kwa ule mpigo wa nyuzi na mlio wa kifaa cha miguuni. Ongeza sauti ya mtu anayezungumza tu, kwa sababu sikio linaijua sauti ya binadamu kuliko ala yoyote.

Kabla ya kuanza, sikiliza A na B ukiwa unajua, mara nyingi upendavyo. Kisha raundi 10, ukiandika jibu lako kila mara. Ukipata 9 au 10, umesikia kitu: kwa kubahatisha hilo hutokea kama mara 1 tu kati ya 100. Ukipata 7 usisherehekee, kwa sababu kubahatisha hutoa 7 au zaidi mara 17 kati ya 100. Na ukipata 9, rudi kwenye maltimita kwanza. Kwa uwezekano mkubwa kuna tofauti ya ukinzani au kiungo kibovu kinachoeleza kila kitu.

Heshimu matokeo yako mwenyewe, yawe yapi. Ukishindwa kutofautisha, umejiokolea pesa kwa ushahidi wa masikio yako.

Pesa zilizobaki ziende wapi

Chumba. Sebule nyingi za kwetu zina sakafu ya vigae, kuta za mawe zilizopigwa plasta na madirisha makubwa ya vioo. Piga kofi katikati ya chumba usikilize mlio unaobaki hewani. Huo umechanganyika na kila neno la mwimbaji. Zulia nene kati yako na spika, mapazia mazito, na kabati la vitabu ukuta wa nyuma vitabadilisha sauti kuliko waya wowote duniani. Nyumba yenye mabati bila dari ina shida nyingine, na mtu wa Kakamega anaijua kila mchana wa mvua: hapo dari ndiyo kifaa cha kwanza cha muziki.

Mahali pa spika ni bure. Spika iliyosukumwa kwenye kona huvimbisha besi. Vuta sentimita 30 hadi 60 kutoka ukutani, kisha sikiliza tena. Umbali kati ya spika mbili ulingane na umbali wa kila moja hadi kochi lako, na twita, zile spika ndogo za sauti za juu, ziwe kimo cha masikio ukiwa umeketi. Mabadiliko ya besi utakayopata kwa kusogeza tu hufika desibeli kadhaa. Linganisha na zile sehemu za mia za waya.

Kisha umeme wenyewe. Bonde la Ziwa Victoria lina radi nyingi mno, na stima ikipotea na kurudi huja na mshtuko. Kifaa cha kulinda dhidi ya volti kupanda na kushuka ni matumizi ya maana kuliko waya wa dhahabu, na radi ikianza chomoa plagi, kwa kuwa radi iliyopiga karibu haizuiliwi na kifaa hicho.

Utunzaji

Hewa ya Kisumu ina unyevu, na shaba iliyo wazi hugeuka kahawia kisha kijani. Ukiona rangi hiyo kwenye ncha, kata sentimita moja na umenye upya, usikwangue. Hapa ndipo plagi zilizopakwa dhahabu, hata za bei ya chini, zinapolipa. Nakuru tatizo kubwa ni vumbi, hasa kwenye vibanio vya springi: vifungue na kuvifunga mara kadhaa vijisugue, baada ya kuzima amplifaya. Kila baada ya miezi michache kaza nati kwa vidole na uvute kila waya kidogo. Ganda likianza kunata au kupasuka mahali panapopigwa na jua la dirishani, badilisha waya huo wote, usiunge.